Mahali pa Kufungia Mashua ya Mama

Harufu ya mafuta ya kondoo yakiyeyuka jikoni hunirudisha ziwani Basotu kila mara, wala msinicheke. Kwa mafuta hayo na pamba ndivyo mama yangu alivyoziba nyufa za mashua yetu, enzi za Mwingereza, nami nikiwa binti mdogo wa kushika sufuria.

Mashua ile ya tanga baba aliinunua kwa mlowezi aliyekuwa akirudi kwao. Baba alikuwa mwenye duka Katesh, na maji aliyajua ya kutawadhia tu. Mama ndiye aliyezaliwa Ujiji, na ndiye aliyemsumbua mpaka akanunua. Alisema tutavusha watu na kuuza samaki. Lakini mashua ilikaa juani nyuma ya duka, mbao zikaanza kuachana, na mama akaonya kwamba isipopata maji upesi tutaipikia chai.

Basi tukaipakia kwenye lori kwenda Basotu kutafuta mahali. Ghuba ya kwanza ilikuwa na viboko. Ya pili ilikuwa ya kunyweshea ng'ombe. Ya tatu ilikuwa tulivu, kilima kimeikinga na upepo, na palikuwa na mti wa mgunga wenye kivuli cha kutengenezea mashua. Baba aliwaendea wazee wa Kibarabaig, akawaamkia kwa adabu zote, wakamkubalia. Tukaishusha, tukalala kwa mmoja wa wazee wale, baba akijisifu.

Asubuhi tuliwakuta wanawake wao wameketi kuizunguka mashua, kila mmoja na fimbo yake. Hakuna aliyepaza sauti. Baba akaeleza kwamba wazee wameshakubali.

"Wazee wanachota maji hapa?" mmoja akamuuliza.

Kwa desturi yao, wanawake wakikaa kikao namna ile, hata waume zao hunyamaza. Mama akamwomba baba aende akapumzike, kisha akaketi kati yao. Jua lilipanda, likageuka, njaa ikanitoa machozi. Nikamvuta kanga.

"Kaa," akaniambia. "Hatuondoki bila mahali."

Jioni walikubali kwa sharti moja: mahali wanampa mama, si baba, na mashua itakayofungwa pale ni ya mama. Baba akacheka, akaridhia mbele yao. Kesho yake wakatuletea mafuta ya kondoo. Tangu hapo baba kila akitaka kupanda alimwomba mama ruhusa, kwa utani.

Utani uliisha baba alipofariki. Baba zangu wadogo walikuja kugawana mali. Duka likaenda, akiba ikaenda. Walipofika ziwani waliwakuta wanawake wale wameshaketi kuizunguka mashua, fimbo mapajani. Wakageuza njia. Mashua hiyo ndiyo iliyotulisha, na ndiyo iliyonisomesha.

Siku ile ya njaa nilidhani mama anatafuta pa kuifunga mashua. Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kwamba katika nchi ile, asikokuwa na ndugu hata mmoja, alikuwa akitafuta watu wa kuketi upande wake.