Gumba la Nishiwaki Tokue

Nishiwaki Tokue, binti Genzo mchonga mihuri wa mtaa wa Fuse, mjane wa Yasaku aliyeogopa kukohoa nyumbani kwake mwenyewe; Tokue aliyemfukuza mkaza mwana kwa kucheka na wali mdomoni; Tokue aliyemrudishia mteja mkubwa shehena nzima ya rimoti kwa kuwa kitufe cha sauti "kinajibu kwa uvivu"; Tokue aliyewaliza wasichana chooni, kisha akawagongea mlango watoke kwa kuwa kazi inangoja. Huyo ndiye ninayemwandika. Wengine wangemsifu, maana amekufa, na wafu husifiwa. Mimi nilikaa mkabala naye kwenye meza moja tangu nywele zangu zikiwa nyeusi hadi zikaingia mvi. Sikumpenda. Yeye naye hakunipenda, na hilo halikumkosesha usingizi.

Karakana ya Bwana Hamaguchi ilikuwa kwenye uchochoro nyuma ya stesheni, upande huu mtengeneza skrubu, upande ule mpiga rangi za chuma. Sisi tulitengeneza vitufe: vya rimoti, vya vikokotoo, vya vile vichezeo vya mkononi ambavyo watoto wa miaka ile walivikodolea macho mpaka wakagonga nguzo za umeme. Mashine zilimimina plastiki na kukata mpira, lakini hakuna kitufe kilichotoka mlangoni kabla ya kupita chini ya gumba la kulia la Tokue. Lilikuwa fupi na pana kama kichwa cha kasa, na Bwana Hamaguchi aliliogopa kuliko mkaguzi wa kodi.

Na alikuwa na namna yake ya kupima. Kitufe kizuri, alisema, hakimkatizi mtu maneno. Kwa hiyo alibofya huku akigombana, macho kayafumba. Kitufe kikigoma, kikizama mno, au kikikaa mahali ambapo gumba lazima likitafute, ulimi ulijikwaa, na kitufe kikaenda kwenye ndoo. Sasa mtu hawezi kugombana peke yake. Walijaribiwa wanaume, wakakimbia. Nilibaki mimi, Ishizuka Fumiyo, niliyeishia shule ya msingi ndege za vita zikiwa juu ya paa letu. Kugombana na Tokue ndiyo ilikuwa kazi yangu, na niliifanya vizuri.

"Fumiyo, nimepita kwako asubuhi. Figili zako za chumvi zinanuka hadi barabarani."

"Zinanuka kwa sababu zina ladha, Bi Tokue. Zako hazinuki wala hazitiwi meno."

"Mumeo amekonda. Unamlisha picha za samaki?"

"Wangu amekonda lakini yu hai. Wako uliyemnenepesha yuko wapi?"

"Wangu alikwenda mwenyewe kupumzi—" Akafumbua macho. "Hiki kimezama. Ndoo."

Hakuna aliyeinua kichwa. Lakini asije mtu akadhani ulikuwa mchezo. Matusi yalikuwa ya kazi, machungu yalikuwa yetu.

Mwanangu Satsuki ni mashoto. Walimu walimpiga vidole, mavyaa wangu akanilaumu mimi, na mshenga akaturudishia picha yake akisema kwamba wakwe hawataki mke atakayewagonga viwiko mezani. Kiwanda cha soksi kilimkataa, duka la keki likamkataa. Nilipomwombea nafasi kwa Bwana Hamaguchi, alikuwa mlango wa mwisho uliobaki. Akasema, "Mimi sina neno, Mama Ishizuka. Ila Tokue akikubali."

Tokue alikubali kwa masharti yake. Alitoa ule ukamba mwekundu ambao wanawake hufungia mikono ya kimono wakati wa kazi, akafunga kifundo cha mkono wa kushoto wa mwanangu kwenye mguu wa kiti.

"Hapa tunapima kwa mkono wa watu," alisema.

"Na mimi si mtu, Bi Mkubwa?"

"Utakuwa, ukishanyooshwa."

Nilisimama. Bwana Hamaguchi akavitazama viatu vyake. Satsuki akanionyesha kwa macho nikae, maana alijua hakuna mlango mwingine. Nikakaa, lakini siku ile Tokue alitupa vitufe vingi kwenye ndoo, kwa namna nilivyomsema.

Mwaka huo Bwana Hamaguchi alichoka kutengenezea watu vitufe. Alitaka kifaa chake mwenyewe chenye jina lake. Kilikuwa kiitio: kidude cha mkononi cha mgonjwa aliyelala, akibofya tu, kengele inalia jikoni. Kitufe kimoja, basi. Tokue ndiye aliyeachiwa aseme kikae wapi. Alikiweka ubavuni, upande wa kulia, ndani ya kishimo ili kisibofywe kwa bahati mbaya, na mgongo wa kifaa akauchonga ufuate kiganja cha kulia. Ukikishika hivyo, gumba lilikwenda lenyewe kama mtu anayerudi kwao. Ukikishika kwa kushoto, kilikuteleza kama sabuni.

Satsuki alipima akiwa amefungwa. Siku moja akauliza, bila kuinua sauti, "Bi Mkubwa, huyu mgonjwa wetu, kama mkono wake wa kulia umepooza?"

"Basi apige kelele."

"Na kama ulimi nao umepooza?"

"Basi afe, atupumzishe wote."

Wakati wa chakula Satsuki alijifungua ukamba, akachukua kipande cha mti na patasi, akachonga kiitio chake: cha mviringo kama andazi, kitufe kipana usoni, katikati. Mkono wowote ungekipata, hata kiwiko. Tokue aliporudi alikitazama mara moja, akakitia kwenye ndoo.

"Toka. Na uchochoro mzima utaambiwa kwa nini."

Ukaambiwa kweli. Alipita kwa mtengeneza skrubu, kwa mpiga rangi, hata kwa muuza tofu: binti wa Fumiyo ni mashoto, na tena mkaidi. Satsuki akabaki nyumbani akikunja maboksi ya pipi. Kile kidude chake cha mti alikitoa kwenye ndoo siku ile ile alipofukuzwa, akakiweka rafuni karibu na picha ya baba yangu. Viitio vya karakana vikatoka na kitufe ubavuni.

Mimi niliendelea kwenda kazini, maana nyumba yetu ilikula kwa mdomo wangu. Ila sasa sikumpa Tokue matusi ya kazi. Nilimpa ya kweli.

Ilipofika majira ya majani kuanguka, asubuhi moja, tulikuwa katikati ya habari za mkaza mwana wake wakati ulimi wake ulipojikwaa. "Ndoo," akasema. Nikakijaribu kitufe kile mwenyewe: kizuri. Akachukua cha pili, akajikwaa. "Ndoo." Kizuri. Cha tatu kikamponyoka mkononi, na gumba halikukifuata. Hapo ndipo tulipojua kwamba kibovu hakikuwa kitufe.

Kiharusi kilimchukua upande wa kulia wote. Mkaza mwana hakurudi. Angerudi kwa nani? Wanawake wa mtaa tukagawana zamu za kumpelekea chakula, na zamu haimuulizi mtu kama anapenda. Yangu ilipofika nilipika uji wa mchele, nikachukua chenza, nikaenda.

Nilimkuta amelala kwenye godoro lililolowa. Bwana Hamaguchi alikuwa amempa kiitio kipya, kengele yake imefungwa jikoni kwa jirani. Kiitio kilikuwa chini ya ukuta, kona imepasuka.

"Umekirusha, Bi Tokue?"

"Kimeanguka." Maneno yalitoka yakiburuta mguu.

"Kimeanguka mbali sana."

"Fumiyo, kama umekuja kucheka, cheka, kisha unibadilishie shuka."

Nikacheka, kisha nikambadilishia shuka. Sioni aibu kwa lolote kati ya hayo mawili. Nikamtegemeza kwa mito, nikampa bakuli nikingoja kumlisha kama mtoto. Akachukua vijiti kwa mkono wa kushoto, akaokota punje moja ya mchele iliyobaki ukingoni. Moja. Nimelea watoto, nimewafundisha vijiti. Najua mkono unaojifunza unavyotetemeka. Ule haukutetemeka.

"Bi Tokue, mkono huu haukuanza jana."

"Menya chenza lako."

"Wewe ni mashoto!"

Akaitia punje ile mdomoni. "Baba alinifunga kwa ukamba ule ule," akasema. "Mpaka nikawa mtu."

"Ukawa nini? Tazama ulipolala."

Nilidhani atanirushia bakuli. Hakunirushia. Alitazama kiitio pale chini ya ukuta kama mtu anavyomtazama mbwa wake mwenyewe aliyemng'ata.

"Kamlete," akasema.

"Nani?"

"Usinichoshe, mwanamke. Na lile andazi lake la mti alilete."

Satsuki hakutaka kuja. Nilimwambia, si lazima umwonee huruma, mimi mwenyewe simwonei. Njoo usikie anachotaka. Akaja, akaketi karibu na mlango, kidude mapajani. Tokue hakumwomba radhi. Aliunyoosha mkono wa kushoto, akapewa, akafumba macho.

"Fumiyo. Sema kitu."

Basi nikasema. Nikaanza na ukamba, nikaja kwenye muuza tofu, nikaja kwenye maboksi ya pipi, nikamwambia kwamba amemfanyia binti yangu alichofanyiwa yeye, na kwamba aliyepigwa ana ubaya zaidi akipiga, kwa sababu yeye anajua pa kuumiza. Naye akanijibu neno kwa neno: kwamba mimi ni mlezi dhaifu, kwamba nilikaa siku ile binti yangu alipofungwa, kwamba figili zangu bado zinanuka. Maneno yalichechemea, lakini hayakukatika hata mara moja. Na muda wote gumba la kushoto lilikuwa likipanda na kushuka juu ya ule mti.

Akafumbua macho. Akamtazama Satsuki, si mimi.

"Kitufe kiko juu mno. Kishushe unene wa ukucha."

"Ndiyo, Bi Mkubwa."

"Usiniambie ndiyo kama hukubali."

"Ningeshusha nusu ya hapo."

Tokue akatoa sauti puani. "Kesho kaa kwenye kiti changu. Mwambie Hamaguchi ni mimi niliyesema. Vile viitio vya ubavuni avirudishe karakana vyote, hata vilivyokwisha kuuzwa."

"Na wa kugombana naye ni nani?" Satsuki akauliza.

"Huyo hapo mama yako. Matusi anayo, nilimfundisha mimi." Kisha akaonyesha kwa kidevu kwenye droo ya chini ya kabati lake, mlimokuwa na ule ukamba mwekundu, umekunjwa vizuri. "Uchukue. Kila anayejiona mzima, kabla hajapima kiitio, mfunge mkono wa kulia kwenye kiti. Kaza. Anza na Hamaguchi."