Gari la Baba Mkwe Linavuja Tena

Mtaani walimwita Fundi Kavu, kwa sababu kila alipomaliza kuziba mahali palipovuja alipiga boneti kofi moja na kusema, "Kavu!" Kazi yake ilikuwa giaboksi za magari ya zamani, yale marefu yenye vioo vidogo vya pembetatu milangoni, ambayo mafundi wengine wakiletewa hukumbuka ghafla kwamba wana msiba. Kwa miaka ishirini na sita hakuna mteja aliyemrudishia gari kwa kuvuja. Isipokuwa mmoja, na huyo hakuweza kumfukuza, maana alikuwa baba mkwe wake.

Mzee alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu. Gari lake jeupe, la gia otomatiki, lilikuwa limemzidi umri mke wa fundi kwa miaka miwili. Mara ya kwanza lilipoletwa liliacha michirizi ya oili nyekundu kutoka barabarani hadi mlangoni mwa gereji. Kavu akashusha giaboksi, akakuta sili ya mbele, ile pete ya mpira inayozuia oili, imekauka na kupasuka kama kisigino. Akaweka mpya, akajaza oili hadi alama, akamweleza mzee namna ya kupima, akapiga boneti kofi.

Siku tisa baadaye simu ikalia. "Mwanangu, limechafua sakafu tena."

Akabadilisha gasketi ya sampo, lile bakuli la oili chini ya giaboksi. Wiki haikuisha, likavuja. Akabadilisha sili ya nyuma. Likavuja. Akabadilisha na ile ya mkono wa gia, ambayo haikuwa na kosa lolote. Likavuja. Mgongo ukawa unamuuma hata akiinama kufunga kamba za viatu, na majirani wa gereji wakaanza kumsalimia, "Vipi, Fundi Maji?"

"Baba amepiga simu," mkewe alimwambia asubuhi moja akiwa anapiga pasi.

"Mwambie nimekufa."

"Atakuja kukuzika na gari hilohilo."

"Basi litavuja hadi makaburini! Mimi nimechoka, mama watoto. Natwanga maji kwenye kinu."

Hata hivyo, mkwe ni mkwe. Mzee akalileta gari kwa mara ya tano. Safari hii Kavu aliapa kutogusa spana kabla ya kujua oili inaanzia wapi. Akasafisha giaboksi yote kwa petroli, akaikausha kwa kitambaa, kisha akaipaka poda ya watoto mpaka ikawa nyeupe pe. Akaliendesha gari nusu saa, akalipandisha kwenye stendi, akaingia chini na tochi.

Sili zote zilikuwa kavu. Mchirizi mmoja mwekundu ulikuwa umekata poda kutoka juu kabisa, penye kijibomba ambacho giaboksi hupumulia, ukateremka kwa nyuma na kudondokea palepale ambapo mtu yeyote angeapa ni sili.

Akatoka mbio, akafungua boneti, injini ikiwa bado inanguruma na moto wake, akachomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi. Oili ilikuwa imepita alama kwa vidole viwili, tena ina povu. Haikuwa inavuja. Ilikuwa imejazwa kupita kiasi. Ikipata moto inavimba na kumwagikia juu, kama maziwa jikoni.

Akaikumbuka miezi miwili ya kulala chali juu ya saruji.

"Mjinga gani," alifoka peke yake, "anajaza oili hii kama anamwagilia maua?"

"Ni mimi," ilisema sauti nyuma yake.

Kavu alidhani mzee amekwenda kununua gazeti. Kumbe alikuwa amesharudi, gazeti lenyewe liko kwapani. Kijiti kikamponyoka fundi.

"Baba, nisamehe. Ulimi umeteleza."

"Haujateleza, umesema ulichokiona. Ila mimi hupima kila asubuhi, na kila asubuhi iko chini ya alama. Ndipo naongeza kidogo."

"Injini ikiwa baridi?"

"Nimetoka kuamka, itakuwa ya moto saa ngapi?"

Kavu akavuta pumzi. "Baba, ikiwa baridi lazima ionekane pungufu. Hupimwa ikiwa ya moto. Nilikueleza siku ya kwanza."

"Ulinieleza. Sikukuamini."

Fundi akatazama dari ya gereji, akaomba subira. Mzee akaegemea mlango wa gari.

"Mwaka ule sikuwa napima kabisa," alisema. "Oili ikaisha, gia zikakataa katikati ya barabara, na mama mkwe wako ana uchungu. Mkeo amezaliwa kwenye kiti hicho cha nyuma. Mimi nimeshika tochi, sijui hata nimulike wapi. Aliyeumwa na nyoka, mwanangu, akiona ung'ongo hushtuka."

Kavu alijua mkewe alizaliwa njiani. Hakuwahi kuambiwa kwamba ni ndani ya gari hili. Hasira bado ilikuwepo, lakini sasa angemfokea nani? Akaokota kijiti, akakifuta, akaleta beseni na kupunguza oili iliyozidi; lita moja na nusu nzima. Kisha wakapatana: mzee asiguse oili peke yake tena. Watapima pamoja, Jumamosi, gari likiwa na moto.

Tangu siku hiyo ni miezi minne, na halijadondosha hata tone. Lakini kila Jumamosi saa moja kamili honi hulia nje, na Fundi Kavu, ambaye zamani siku hiyo alilala hadi jua limfukuze kitandani, huketi kando ya mkwewe wakizunguka mji kwa mwendo wa baiskeli mpaka oili ipate moto.

Jumamosi iliyopita alirudi saa nne, akajitupa kitini.

"Mmepima?" mkewe akauliza.

"Mara nne. Baba yako anasema mstari wa alama una ukingo wa juu na ukingo wa chini, na mimi sijamthibitishia ni upi."

"Ni upi?"

Kavu alimtazama mkewe, akaona ni mzee yuleyule, kisha akainuka kwenda kunawa mikono.