Kuku hachinjwi mpaka azime kompyuta

Saa nne asubuhi, Makambako. Oktavia Mgaya anaifunika kompyuta yake, anachomoa waya na kuisukuma hadi mwisho wa meza. "Haya baba, sasa fungua tovuti yenu mpya kwa simu yako," anamwambia Mzee Filemoni, mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa parachichi.

Mzee anasita. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Mwaka jana fundi mmoja aliyeletwa na mradi unaovisaidia vikundi vya wakulima aliwaonyesha tovuti ya kikundi kwenye kompyuta yake. Picha zinavutia, namba za simu zipo. "Akasema tumedeploi, iko laivu, tukajua ndiyo iko mtandaoni," anakumbuka Mama Vestina, mweka hazina. "Tukapiga makofi, jamani! Na kuku tukamchinjia."

Fundi akaondoka na kompyuta yake, na tovuti ikaondoka naye. Haikuwahi kupakiwa mtandaoni. Mnunuzi aliyeahidi kuwatafuta huko hakuona kitu, akanunua kwingine. Parachichi zikaozea chini ya miti.

Oktavia, anayetengeneza tovuti katika chumba cha kupanga karibu na stendi, hasira humpanda kila akilisimulia hilo.

"Huo ni wizi wa mchana kweupe! Hawa kabla ya parachichi walikuwa watu wa mbao. Mnunuzi wa mbao haulizi jina la msumeno. Anauliza mzigo uko porini, umepakiwa, au umefika. Nani kasema tovuti haiulizwi hivyo?"

Ndivyo alivyoandika kwenye mwongozo wa tovuti alioombwa na mradi kuviandikia vikundi: mafaili yametengenezwa, yamepakiwa, yako hewani. Mratibu wa mradi, aliyeko Njombe mjini, akaurudisha. Eti si lugha ya kitaalamu.

"Utaalamu gani wa kumfunga mtu macho?" anafoka. "Sibadilishi hata neno moja!"

Mtandao unasuasua. Mama Vestina ameshika tama. Kisha picha zinaanza kutokea moja moja. Mzee haamini, anampigia binti yake Hilda, aliyeko mbali, Matamba.

"Fungua na wewe. Unaona nini?"

"Naona parachichi, baba. Nakuona na wewe umenuna."

Wote wanaangua kicheko.

Oktavia anapanga kuuchapisha mwongozo mwenyewe na kuupeleka kikundi kwa kikundi, hadi Kidugala. Mzee Filemoni naye ana mpango wake, maana mradi umetuma taarifa kwamba fundi yule anarudi Ijumaa.

"Aje tu, tutamkaribisha," anasema, akiifutia simu kwenye koti. "Ila safari hii kuku hachinjwi mpaka azime kompyuta."