Ukuta wa Miraba Kumi na Minne

Mzee Timazi alikuwa na miaka arobaini ya kujenga nyumba za watu, na miezi minane ya kutojenga chochote. Jina hilo walimpa vibarua wake, kwa sababu timazi ni ule uzani wa kuning'iniza kwenye uzi kupimia kama ukuta umesimama wima, naye alikuwa hauhitaji. Alipita tu mbele ya ukuta, akafumba jicho moja, akasema, "Bomoeni kozi mbili za juu za matofali." Wakibishana naye, wanaleta uzi, na uzi unamuunga mkono mzee.

Kilichomtoa kazini si macho, ni mikono. Ilianza kutetemeka kidogo kidogo. Akajikausha, akasema ni baridi ya asubuhi. Kisha akajenga ukuta wa stoo ambao mwenye nyumba aliutazama, akakohoa, na kesho yake akaleta fundi mwingine aubomoe. Mzee akaosha mwiko wake, akauviringisha kwenye gazeti, akahamia kwa mwanawe. Tangu hapo hakupanga hata sahani mezani. Chai alitaka nusu kikombe, isije ikamwagika.

Mke wa mwanawe walimwita Mama Bosi. Bosi mwenyewe alikuwa binti wa miezi mitano, aliyehudumiwa na nyumba nzima bila kusema asante. Wakati wa kunyonyesha, mkono wa kushoto ulimshika mtoto na dole gumba la kulia lilikuwa kwenye simu, kwenye gemu ya kujenga ngome. Uwanja wake umegawanywa miraba midogo, nawe unaweka mawe, visima na maghala, mraba kwa mraba.

Alhamisi mchana mzee alipita nyuma ya kochi akienda kunywa maji. Akasimama.

"Mwanangu, geti lako limekaa kama kofia ya mlevi."

"Baba, hii ni gemu tu."

"Gemu. Kwa hiyo humo ndani kilichokaa upande hakijakaa upande?"

Mama Bosi akahesabu. Ukuta wa mbele ulikuwa wa miraba kumi na mitano. Geti lilichukua miwili, likabakiza saba huku na sita kule.

"Umeona? Ulianza kona, ukafika katikati umeshachelewa. Hayo ni makosa ya kibarua wa wiki ya kwanza."

Mama Bosi alicheka mpaka Bosi akaachia ziwa, akamtazama kama mtu aliyekatiziwa chakula.

Mzee akazunguka, akaketi. Akataka kujua ngome ni ya nini. Akaelezwa kwamba Jumamosi saa nne asubuhi majitu yatakuja kuivamia, na saa hiyo ikigonga huwezi tena kusogeza kitu.

"Yanapita getini?"

"Yanapita popote palipolegea, Baba."

"Hayana adabu, lakini akili yanayo."

Akauliza kona zinapimwaje. Alipoambiwa zinanyooka zenyewe, akatikisa kichwa. "Miaka yote hiyo navuta kamba," akasema. "Kumbe kuna mahali pa wavivu."

Macho yake yalikuwa yamechangamka hivi kwamba Mama Bosi akapata moyo. Akamwekea simu mkononi. "Hebu lisogeze lile pipa, mraba mmoja tu. Gusa hiki kishale."

Mzee akagusa. Kidole kikatetemeka, na kwa mguso ule mmoja simu ikahesabu miwili. Pipa likaruka miraba miwili. Akagusa kishale cha kulirudisha, likarudi miwili. Akajaribu tena, yakawa yale yale. Akaiweka simu kwenye kochi polepole, kama anayeweka yai.

"Simu yako ina haraka."

"Imezeeka," akasema Mama Bosi, kisha akatamani kujing'ata ulimi.

Jioni mume wake, fundi wa majokofu, alipata habari zote akiwa anavua viatu. "Mwache Baba aliweke hilo geti mwenyewe," akasema.

"Ndicho ninachotaka. Lakini sitaki ashindwe tena mbele yangu. Hatagusa kitu tena huyo."

Ijumaa asubuhi mzee alitoka chumbani kabla ya chai. "Ule ukuta tuufanye kumi na minne."

"Si bora kumi na sita, Baba? Naongeza jiwe moja tu mwishoni. Saba huku, saba huku, geti kati."

"Kumi na minne."

"Tukipunguza, ghala litabidi lisogee ndani. Na kisima. Na banda la farasi."

"Visogee. Vimekaa ovyo hata hivyo."

Basi wakashinda kutwa wakihamisha. Mzee aliongoza kwa kidevu, mikono ameificha kwapani. "Kushoto. Tena. Basi. Hapana, hapo unaziba mlango wa ghala, watu watapita wapi na magunia?"

"Baba, humu hakuna watu wenye magunia."

"Si umewazibia."

Jumamosi, robo saa kabla ya saa nne, lilibaki geti peke yake. Geti ukilitoa stoo ya gemu linatua kwenye kona ya kushoto ya ukuta, halafu unalisukuma kwa kishale. Bosi naye akachagua wakati huo huo kuloanisha nepi. Mama Bosi akasita, simu mkono huu, mtoto mkono huu.

"Lete," mzee akasema.

Akaiweka simu kwenye paja. Mkono wa kushoto ukashika kiganja cha kulia. Akagusa. Geti likaruka miraba miwili. Mama Bosi akafungua mdomo aseme pole. Mzee akagusa tena, ikawa minne. Akagusa mara ya tatu, ikawa sita, akaondoa kidole.

Sita huku, sita kule.

Ndipo Mama Bosi alipoelewa kwa nini kumi na sita ilikataliwa. Saba mkono ule usingeifikia kamwe, ungeishia sita au uruke nane. Mzee alikuwa ameupima ukuta mzima kwa mkono alionao.

Mama Bosi akainama kwenye nepi, akaifunga kwa muda mrefu kuliko nepi inavyohitaji. "Kuhifadhi ni kile kitufe cha kijani, Baba," akasema bila kuinua uso. "Hata ukikigusa mara kumi ni sawa."

Majitu yalikuja saa nne kamili. Yakalipiga geti, yakazunguka ukuta mara mbili, yakaondoka. Mama Bosi akanyoosha mkono apewe simu yake.

Mzee hakuuona. Alikuwa amefumba jicho moja. "Huu wa nyuma nao uliuanzia kona," akasema. "Leta kiti kingine, ukae unieleze ulikuwa unafikiria nini."

Simu ikaita. Akalisoma jina, akabonyeza kitufe chekundu.

"Ni dada yako. Baadaye umwambie tuko saiti."