Mabakuli yaliyorudi matupu: neno langu kuhusu bakshishi ya wapeleka chakula

Wakuu wa jukwaa hili, habari za kwenu.

Mjukuu wangu hapa Madale amenisomea mjadala wenu juu ya vijana wa pikipiki wanaoleta chakula majumbani. Wengine mnasema wapewe bakshishi. Wengine mnasema wakadai kwa mwajiri wao.

Mimi kusoma sikufundishwa. Ninasema, yeye anaandika. Nitakayoyasimulia yalinipata mwenyewe, na asiyetaka kuamini sitamshika mkono.

Nilikuwa mpeleka chakula kabla wengi wenu hamjazaliwa. Chombo changu cha usafiri kilikuwa kichwa.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa, nami ni mke kijana, ninaishi Temeke. Wanawake wa mtaa wetu walikuwa na jiko la ushirika lililowapikia wafanyakazi wa kiwanda cha nguo. Wapishi walipika. Sisi wachukuzi wanne tulipanga mabakuli ya bati ndani ya beseni, tukayafunika kwa kawa, tukajitwika mpaka kwenye geti la kiwanda.

Mwisho wa mwezi wafanyakazi walilipa, na wapishi wakagawana mafungu.

Mchukuzi hakuwa na fungu.

Mtauliza alikula nini. Alikula vilivyorudi ndani ya bakuli.

Waliolelewa pwani wananielewa. Jirani akikuletea chakula, chombo chake hukirudishi kitupu. Utatia chochote, hata chumvi, ili asiseme umemdharau. Wafanyakazi wale waliishika adabu hiyo. Huyu ataweka kipande cha sabuni, yule sukari kidogo ndani ya karatasi, mwingine limau. Vitu hivyo vilikuwa vyetu, na njiani kurudi nilisikiliza vinavyogonga ndani ya beseni, nijue nimepata nini.

Ni adabu nzuri. Siisemi vibaya mpaka leo.

Lakini kila tulipoomba fungu, Bi Salama, mkuu wa jiko, alijibu hivi: "Nyie si mnakula kwenye mabakuli? Mnataka mle mara mbili?"

Kwangu jambo hili halikuwa la mzaha. Mume wangu alikuwa kibarua bandarini, kazi leo ipo, kesho haipo, na watoto wanataka kula. Akaniambia waziwazi: "Kama mshahara wako ni malimau, rudi Kibiti ukalime. Kule malimau yanaokotwa bure."

Akanipa mpaka mwisho wa mwezi. Mimi sikutaka kuondoka Temeke.

Mchukuzi mwenzangu, Tabu, mwanamke asiyefunga mdomo, akasema tugome. "Kila siku redioni wanatuambia unyonyaji ni mirija," akasema. "Mrija wetu sie naujua. Umefunikwa kawa."

Nilikataa kugoma. Mwenye njaa hana kosa, na ugomvi wetu haukuwa naye.

Badala yake nilimwendea kiongozi wa wale walaji, fundi mmoja kutoka Masasi aliyeitwa Bwana Ligola. Nikamwomba awaambie wenzake wasiweke kitu chochote katika mabakuli mpaka nitakapomwambia.

Akashtuka. "Dada, kurudisha chombo kitupu ni tusi."

"Najua. Ndiyo maana nimekuomba."

Akanitazama, kisha akacheka peke yake akaenda zake.

Siku ya kwanza mabakuli yaliporudi matupu, Bi Salama alisema wamesahau.

Siku ya pili aliyafunua moja baada ya jingine. Kesho yake aliongeza nazi. Kesho kutwa samaki wakawa wakubwa. Akaanza kuonja kila chungu na kugombana na wapishi: "Nani ametia chumvi hapa? Mnataka watukimbie?"

Hakuna aliyefaidi siku zile kuwapita wafanyakazi. Sijui kama kiwanda kile kilipata kula wali kama ule tena.

Tabu alitaka kumweleza. Nilimkataza. Hofu ya mpishi ilikuwa inafanya kazi ambayo maombi yetu yalishindwa kuifanya.

Mwishowe Bi Salama akajitanda kanga akafuatana nasi mpaka getini. Aliwakuta wanaume wamekaa wanakula, akawaambia kwa unyenyekevu: "Wanangu, nimekuja kuomba radhi. Chakula changu kimewaudhi nini?"

Wakatazamana. Bwana Ligola akaweka bakuli chini.

"Mama, chakula chako hakina ila. Tumeombwa tusiweke kitu."

"Na nani?"

Hakuwa na haja ya kujibu, kwa kuwa mimi nilikwisha kusogea mbele.

"Na mimi, Bi Salama."

"Wewe? Umenitia homa wiki nzima, kumbe ni wewe?"

"Kilichomo ndani ya bakuli ni heshima ya mlaji kwa jiko," nikamwambia. "Wewe umeifanya ujira wangu. Mimi nabeba chakula chako, kwa hiyo nataka fungu kwako. Nikilikosa, mwisho wa mwezi narudi Kibiti."

"Nenda basi. Wabebaji wamejaa tele Temeke."

"Na sie watatu tunamfuata," Tabu akasema. "Bi Salama, shingo yako ikoje? Maana kesho beseni ni lako."

Wanaume wakacheka. Bi Salama hakucheka. Akasema akitupa mafungu, jiko litakufa, labda bei ipande.

Hapo kelele zikaanza. Mmoja akauliza kwa nini yeye mlaji alipie ugomvi wa wanawake. Bwana Ligola akamnyamazisha. Akamgeukia Bi Salama: "Tutaongeza kidogo, mama. Lakini nazi ibaki kama ya wiki hii."



"Nazi itabaki," Bi Salama akasema. Kisha akanigeukia: "Na wewe, adabu ya kusema nami kwanza huna?"

"Nilisema nawe mara nyingi, Bi Salama."

Mwisho wa mwezi tulikaa mkekani pamoja na wapishi, tukapokea mafungu. Kibiti sikurudi, ila kwa harusi na misiba.

Kisha nikamwambia Bwana Ligola waweke watakacho. Siku hiyo nilirudi na beseni kichwani, na kwa mara ya kwanza sikusikiliza kinachogonga ndani yake.

Nililojifunza ni hili. Bakshishi ni adabu ya anayekula. Ujira ni wajibu wa anayetuma. Atakayeitumia bakshishi kuficha ujira, huyo ni mwizi mwenye tabasamu. Na atakayekataa kutoa bakshishi kwa kisingizio cha ujira, huyo ni bahili tu, asijivike haki.

Nimemaliza. Sasa nanyi semeni, hasa mnaofanya kazi hii leo: huko kwenu, fungu lenu anawapa nani? Mjukuu atanisomea yote. Matusi atayaruka, kwa hiyo msijichoshe.