Ruta Bila Neno la Siri

Kompyuta niliyokuwa nasomea ilikuwa ya baba yangu. Aliitumia miaka mingi akiwa mtendaji wa kijiji huko Msimbu, na alipostaafu akanipa mimi, siyo kaka zangu. Nikajiunga na kozi ya ualimu wa chekechea, vipindi kila Jumamosi saa nne asubuhi, mtandaoni. Ukikosa vitatu unaondolewa. Nilikuwa nimeshakosa viwili, maana ruta mpya ya intaneti tuliyofunga nyumbani Sofu haikuitaka kompyuta ya baba. Simu zote ziliingia. Kompyuta iliandika tu kwamba imeshindikana.

Mdogo wake mume wangu anajiita fundi. Alibonyezabonyeza dakika tano, kompyuta ikaingia. Nikampikia chapati, mjinga mimi. Hakuniambia kwamba ameondoa ulinzi wote, ruta imebaki bila neno la siri.

Majirani walijua kabla yangu. Ijumaa jioni nilikuta watu wanne barazani kwangu, bibi wa nyumba ya pili akiwa amekuja na kigoda chake kabisa. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba bila kuinua macho kwenye simu. Alikuwa anaangalia harusi ya mjukuu wake. Sasa mtu mzima aliyeitikia salamu yako unamfukuzaje? Nikaingia ndani nimefura. Nikajaribu kufungua somo la wiki iliyopita, picha ikaganda.

Nikampigia shemeji, nikamuuliza kama kwake kitasa kikigoma huwa anang'oa mlango. Akacheka. Akasema kompyuta yenyewe ni ya makumbusho, nimpe achukue vipuri.

"Shemeji, kompyuta ya baba yangu huigusi tena."

Nina cheti cha kidato cha nne, kusoma najua. Jumamosi asubuhi, mtoto mgongoni, nikageuza ruta chini juu, nikafuata maelezo ya kibandiko na kijitabu chake mpaka kwenye mipangilio. Kumbe ulinzi uliokuja na ruta, WPA3, ni mpya kuliko kompyuta, haiujui. Nikachagua WPA2, ule wa kabla yake, nikaweka neno la siri refu. Mawimbi ya gigahezi 2.4 nikayaacha yawake, maana yale ya gigahezi tano kompyuta hiyo haiyaoni kabisa. Nikazima ruta, nikawasha. Kompyuta ikauliza neno la siri, nikaandika, ikaingia. Kitu kidogo hivyo! Nilikuwa nimekosa vipindi viwili kwa ajili ya kitu kidogo hivyo.

Saa nne kasoro dakika moja, bibi akachungulia dirishani.

"Mwanangu, mbona simu inaniuliza neno?"

"Nipo darasani, bibi. Njoo saa sita nikuandikie mwenyewe."

Nikamsikia huko barazani anawaambia wenzake watawanyike, mwalimu anasoma. Mwalimu. Hasira yote ya shemeji ikanitoka, au karibu yote.

Mtoto alikuwa ameshalala mgongoni. Jina langu likaitwa kwenye mahudhurio, nikajibu nipo.