Taa Nyekundu Iliyokataa Ijumaa Kuu

Mwaka ule nilikipa kigango chetu cha Ngara taa mpya ya tabernakulo, zawadi kutoka kwangu, mhitimu wa masomo ya jioni. Umeme niliusomea Biharamulo, mchana nikichunga ng'ombe wa watu, jioni nikisinzia darasani, na nilihitimu nikiwa na uwezo wa kuwasha nchi nzima pamoja na nusu ya Burundi. Taa yenyewe ilikuwa ya LED, nyekundu, nimeinunua Rusumo. Waya niliuzika ukutani kwa saruji nyingi kiasi kwamba siku ya mwisho ukuta ule ndio utakaobaki umesimama.

Kwetu kila mtu anajua: taa ile ikiwaka, Ekaristi imo, unapiga goti. Ijumaa Kuu tabernakulo huwa tupu, mlango wake wazi, taa imezimwa. Unapita tu, unakwenda kukaa.

Shangazi yangu aliisubiri siku hiyo kuliko wote. Magoti yake yalikuwa yamechoka, na daktari alimwambia asiyakunje hovyo. Yeye akalielewa agizo hilo kwa namna yake: goti moja kwa siku. Siku nyingine alilitumia kwa taa. La Ijumaa Kuu alilitunzia Msalaba, wakati wa kuubusu. Tangu asubuhi alikuwa kitini akilipumzisha, hata kuku aliwarushia mahindi akiwa amekaa.

Tulipofika kanisani tukakuta foleni imeziba mlango. Taa ilikuwa imezimwa, swichi niliiona kwa macho yangu, lakini kila baada ya pumzi chache iliwaka ghafla nyekundu, ikafa, ikamweka tena. Mtu anaanza kupiga goti, taa inazimika akiwa katikati, akinyanyuka, inawaka. Mama mmoja mbele yetu alikuwa ameshashuka na kupanda mara mia nne.

Katekista alinivuta pembeni. "Fundi, Bwana yumo au hayumo?"

"Hayumo, Mwalimu. Ni chipu."

"Basi iambie."

Nikamweleza. Swichi niliyofunga ina kitaa kidogo cha kukuonyesha ilipo gizani, na kitaa hicho hupitisha umeme kiduchu hata ukizima. Umeme huo unajikusanya ndani ya taa kama bomba linalovujia ndoo. Ndoo ikijaa, chipu inayoilisha LED inaamka, inadhani imewashwa, inamwaga yote, inalala tena.

"Nizime umeme wa kanisa zima," nikasema.

"Na kipaza sauti? Mateso ya Bwana niyasome kwa sauti hii?"

Sauti yake haikuwahi kufika benchi la pili.

Shangazi alikuwa akisikiliza. "Mwalimu, kama hayumo, mimi sipigi goti."

"Hayumo, mama."

Taa ikamweka. Goti la Shangazi likacheza lenyewe, akanishika bega asianguke.

"Umeona?" akaniambia. "Tangu komunyo ya kwanza goti hili linaitii taa. Haliniulizi. Nigeuze, mwanangu."

"Nikugeuze vipi?"

"Mgongo mbele. Nisichokiona hakinihusu."

Nikamwingiza kanisani kinyumenyume, nimemshika kiuno. Waliokuwa kwenye foleni wakaona hiyo ni akili, nao wakageuka. Kigango kizima kikaingia kwa rivasi kama malori pale mpakani.

"Kata kushoto, mama," jirani yetu mmoja Msukuma akanong'ona. "Bado. Bado. Haya, breki."

"Nyamaza, wewe. Unafikiri mimi ni mkokoteni?"

Mateso yalisomwa yote akiwa amefumba macho, mkono juu ya goti kama anayemshika ndama asitoroke. Wakati wa kuabudu Msalaba nikamrudisha kinyumenyume mpaka mbele. Katekista alisimama na Msalaba chini ya tabernakulo kabisa, ukiubusu unaitazama taa, kwa hiyo hapo hapakuwa na ujanja. Shangazi akageuka, macho bado kayafumba, akapapasa hewani. Akabusu kidole gumba cha Katekista.

"Mama, juu kidogo," Katekista akasema.

Akaupata mti wa Msalaba. Akapiga goti, polepole, mpaka chini kabisa, akaubusu, akabaki palepale akinong'ona mambo yake. Foleni nzima ya migongo ilimsubiri.

Kisha akafumbua macho, na taa ikamweka mbele yake, nyekundu kama pilipili.

Akaitazama mpaka ikazimika. "Pole," akaiambia. "La leo limeshatumika."

Halafu akaninyooshea mkono nimwinue.